Simu ya Arobaini na Moja

Jumatatu alikuja mtaalamu kutoka wizarani,
suruali imenyooka, kengele ndogo mfukoni,
akatupanga duara kwenye stoo ya mita mbovu,
akasema: fumbeni macho. Vuta. Shusha.
Wazo likija, lione, liache lipite.
Ndahani akafumbua jicho moja, akanitazama,
tukacheka hadi tukajifanya tunakohoa.
Dakika kumi. Kisha tukasaini mahudhurio,
tukapewa soda na karanga, tukarudi mezani
tulikoziacha simu zikilia.

Kitengo chetu tulikuwa saba. Tumebaki wanne.
Mmoja kastaafu, mmoja kahamishiwa Kondoa,
wa tatu, Sechelela, siku moja alivua hedifoni,
akaiweka taratibu kama anayelaza mtoto,
akatoka. Mkoba aliuacha.
Mpaka leo unaning'inia pale kwenye kiti.

Mimi ndiyo ile sauti mnayoitukana.
Mgao ukipinda, ratiba ikidanganya,
Nkuhungu wananipigia, Ilazo wananipigia,
Swaswa wanataka kujua mimi mwenyewe naoga nini.
Nasema: tunaomba radhi kwa usumbufu.
Nasema hivyo siku nzima,
hata jioni mwanangu aliponiambia chumvi imezidi
nikamjibu: tunaomba radhi kwa usumbufu.
Hakucheka.
Usiku nasikia mlio, naamka, naishika simu
ambayo haijalia.

Alhamisi hiyo upepo uliamka vibaya,
vumbi jekundu limeshuka dirishani kama pazia la pili.
Simu ya arobaini na moja: mama wa Chang'ombe.
Hakusalimia. Siku tisa, alisema. Siku tisa!
Mna watoto ninyi? Mna pua?
Nikafungua mdomo nitoe ile radhi yangu ya mazoea
na kifua kikagoma.
Nikamkumbuka, kwa aibu, yule bwana wa kengele.
Nikavuta. Nikashusha.
Nikazihisi nyayo zangu ndani ya viatu,
jasho sikioni, ukucha uliovunjika tangu asubuhi,
harufu ya zabibu za Ndahani zinazoanza kuchacha mfukoni.
Mama naye akanyamaza. Labda alidhani nimekata.

Ndipo, nyuma ya ukimya wake, nikasikia:
ssss. Kikohozi. Kisha ssss tena.
"Mama, bomba umeliacha wazi?"
"Liko wazi tangu juzi."
"Sikiliza."

Tukasikiliza, mimi mezani, yeye uani,
bomba likivuta na kushusha upepo
kama mtu anayepanda kilima cha Mlimwa na mzigo.
Skrini ilihesabu sekunde kwa rangi nyekundu;
simu moja tumepewa dakika tatu.
Hakuna aliyeongea.
Tone. Tope kidogo.
Kisha ndoo ikalia, kwa ukavu kwanza, halafu kwa uzito.
Akakata bila kuaga. Alikuwa na madumu ya kujaza.

Sisemi kwamba pumzi hujaza matangi.
Haikumrudisha Sechelela, haikuongeza mtu wa tano,
na mwisho wa mwezi nilipata barua ya onyo
kwa dakika sita za simu isiyo na maelezo.
Ipo droo ya chini, pamoja na Panadol.
Ila sasa, kati ya simu na simu,
kidole kiko juu ya kitufe, hakijabonyeza,
pana upenyo mwembamba
kama koo la bomba,
na upepo unatangulia.

Juzi Ndahani aliniuliza natabasamia nini.
Nikamwambia nasubiri maji.
Akasema kwao Makulu ratiba ni kesho kutwa.